Konokono, Kabichi na Sharo

Jumatatu, 3 Juni
Miche kumi na moja ya kabichi imeliwa! Konokono wamebakiza vijiti tu. Jirani yangu Zdravko kachungulia juu ya ua akaniuliza, Mzee Penko, mwaka huu unafuga konokono au unalima? Nimemjibu kwamba tutaonana wakati wa kusindika kabichi. Nimeapa. Vita.

Jumanne, 4 Juni
Nimenunua sumu ya konokono, punje za buluu. Muuzaji kasema nitawanye chache chache na nimfungie mbwa. Chache! Mtu mwenye hasira hatawanyi chache. Nimemwaga lundo kwenye kila shina. Mke wangu Tsonka kasoma boksi mpaka maandishi madogo, akauliza je, Sharo? Nimemwambia tangu lini mbwa akala kabichi. Nimelala mchana kwa amani.

Jumatano, 5 Juni
Ole wangu! Baada ya chai Sharo anayumba kama mlevi, mate yanamtoka, miguu inatetemeka. Nikajua mara moja: Zdravko! Nikapanda ndoo nikamwita muuaji, kijiji kizima kisikie. Zdravko karuka ua, kamshika Sharo mdomo, kanionyesha ulimi. Buluu.

Nikakimbilia maziwa nimnyweshe. Tsonka kaninyang'anya bakuli. Kasema mbwa anayetetemeka hivi atapaliwa, acha ujuaji, ingia garini! Gari la Zdravko, maana langu halijawaka tangu Pasaka. Tsonka kabeba boksi la sumu. Nikamuuliza la nini.

La kumwonyesha daktari, kumbe. Daktari Velislava kalisoma, kashukuru, kamtundikia Sharo dripu. Kisha kanigeukia. Kasema punje hizi zina pumba, mbwa huzila kama biskuti, na kama tungechelewa saa moja zaidi ningerudi nyumbani na kola ya Sharo tupu mkononi. Nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevaa ndara, moja ya Tsonka.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekaa kliniki tangu asubuhi. Wamenifukuza mara mbili, nimerudi mara mbili. Sharo kalala, anashtuka-shtuka. Nimemshika mguu, nikamwahidi soseji, nikamwomba radhi. Hakuna aliyekuwa karibu kusikia, isipokuwa Zdravko. Nilifikiri atanicheka. Kanipa mkate na jibini. Bora angecheka.

Ijumaa, 7 Juni
Sharo yuko nyumbani! Anatembea, anakula, kanibwekea. Zdravko kasema yeye hutega konokono kwa bia kwenye visahani, wanazama wenyewe. Nimemwambia bia yangu ina kazi nyingine. Tsonka kakusanya punje zote moja moja kwa kijiko, kapeleka boksi anakokujua yeye.

Jumapili, 9 Juni
Nimeapa mbele ya Tsonka: sumu haitaingia tena nyumba hii. Nimekuwa mtu mpya, natunza afya ya mbwa. Leo nimemkuta Sharo na kiroboto. Mmoja, lakini mnene! Bahati njema, ghalani kuna chupa ya dawa ya kupe wa ng'ombe. Si sumu, ni dawa, imeandikwa. Ng'ombe mzima hupakwa kifuniko kimoja. Sharo ametoka kuugua, anastahili viwili.

Nilipofungua chupa Sharo karuka ua, kajificha chini ya meza ya Zdravko, kakataa kutoka. Zdravko naye kafunga lango kwa komeo.

Mbwa hana shukrani. Nakwenda kuchukua ngazi.