Tulia Hatulii

Jumatatu, 4 Mei

Kiatu cha kushoto kimeliwa. Cha kulia hakijaguswa. Huu si uharibifu wa mnyama asiyejua. Huyu anajua kwamba nina miguu miwili!

Pia: mguu mmoja wa kiti, pembe ya zulia, miwani ya kusomea ya mke wangu (fremu tu, vioo kavitema). Mlango wa mbele, upande wa ndani, umekwaruzwa rangi yote.

Chanzo kinajulikana. Mke wangu ni muuguzi. Tangu tumchukue Tulia, mbwa wetu, akiwa mdogo wa kutosha kulala kwenye beseni, mke wangu alikuwa zamu ya usiku na mchana yuko nyumbani. Leo kaanza zamu ya mchana. Mimi nikaenda kufungua duka langu la kutengeneza saa. Tulia, miezi minane, kabaki peke yake kwa mara ya kwanza maishani. Kalia tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Si kubweka. Kulia, kama aliyefiwa.

Haya nimeyapata kwa Fundi Cherehani, jirani ambaye mlango wake unatazamana na wetu. Hushonea nyumbani, na masikio yake hayana likizo. Kamwambia Mama Mwenye Nyumba. Mama Mwenye Nyumba kashuka kutoka ghorofani, katupa hadi Jumamosi tarehe 23. Siku hiyo tutatoka sote, naye atakaa mlangoni mwenyewe. Akisikia kilio, mbwa ahame.

Nikamwambia mke wangu asijali, nitalimaliza kabla ya Ijumaa. Akasema, kwa upole, kwamba tangu binti yetu aolewe nyumba hii ilikuwa na mwangwi, na Tulia ndiye aliyeuondoa. Kisha akaenda kuanua nguo. Mke wangu akisema jambo kwa upole, ni la kuogopwa.

Jumanne, 5 Mei

Tumekwenda kwa daktari wa mifugo. Kamtazama Tulia meno, kamtazama macho, kisha kanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi.

Anasema Tulia si mkorofi, ana hofu. Hajui kama tutarudi. Tena ni kijana, na kijana wa mbwa lazima atafune. Dawa: atembezwe vya kutosha asubuhi kabla hatujatoka. Apewe vitu vyake mwenyewe vya kutafuna. Tutoke kwa sekunde chache, turudi. Dakika moja, turudi. Dakika tano, turudi. Tuongeze pole pole, na siku za mwanzo asiachwe peke yake kutwa. Tusiage kwa mbwembwe, tusirudi kwa shangwe. Asipigwe wala asifokewe.

Ndiyo hayo tu! Hakuna kidonge, hakuna sindano. Dakika moja, dakika tano! Nimeishi ndani ya saa za watu miaka ishirini na mitatu, sina haja ya kufundishwa dakika. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na daktari yule ana upara.

Mke wangu alikuwa anaandika kila neno kwenye daftari. Watu wengine wana ugonjwa huo, wa kuandika kila kitu.

Alhamisi, 7 Mei

Mpango wa kwanza. Pilipili ya unga na siki, nimepaka miguu ya viti vyote, ukingo wa meza na pembe za sofa. Akilamba mara moja, harudii.

Nikaenda dukani bila kunawa. Kazi ya saa huanza kwa kuweka lenzi jichoni. Nikaiweka. Jicho likawaka moto, na la pili likalia kwa kumhurumia mwenzake. Hapo hapo kaingia mzee mmoja kuulizia saa ya marehemu baba yake. Kuniona machozi yanatiririka, kavua kofia, kanishika bega, kasema basi, fundi, umejitahidi. Akaondoka kabla sijapata sauti. Saa yenyewe ilishapona tangu juzi!

Nyumbani: viti vizima, meza nzima. Kala pazia. Pazia sikulipaka.

Jumatatu, 11 Mei

Mpango wa pili, wa kitaalamu zaidi. Tulia anataka sauti yangu. Basi aipate. Nimejirekodi kwenye simu ya zamani: "Niko hapa. Keti chini. Acha kelele. Vizuri sana." Inajirudia bila kukoma. Nikaificha ndani ya sofa ili aamini nipo.

Sikujua kwamba Mama Mwenye Nyumba angeshuka saa nne kuangalia bomba linalovuja.

Anasema alibisha hodi, nikajibu niko hapa. Akaniomba nifungue, nikamwambia aketi chini. Akasema hakuja kuketi. Nikamwambia aache kelele. Mama wa watu ana miaka sitini na nane, hajaambiwa hivyo tangu afariki mumewe. Akanyamaza kwa mshangao, na mimi, anadai, nikamwambia vizuri sana.

Nimeapa kwamba nilikuwa dukani. Haamini.

Tulia ameamini. Kanitafuta ndani ya sofa kwa bidii kubwa. Sofa haipo tena, kuna mbao na sponji. Simu nimeikuta kwenye kitanda chake, ina alama za meno, bado inasema vizuri sana.

Mke wangu ametazama sponji. Kisha kavuka korido akampa Fundi Cherehani ufunguo wetu wa akiba. Eti kwa dharura. Dharura gani? Kila kitu nimekishika.

Alhamisi, 14 Mei

Nimegundua siri! Tulia huanza kuhangaika anaposikia funguo na kuona viatu. Dalili. Ondoa dalili, umeondoa tatizo. Daktari hakuligusa hilo.

Kwa hiyo leo sikutoka mlangoni. Nilirusha viatu nje kupitia dirisha la jikoni, kisha nikapita mwenyewe, miguu kwanza, nikiimba kama mtu anayeosha vyombo. Nusu yangu ilipokuwa nje, suruali ikashikwa na komeo. Nikajivuta. Suruali ikaachia kwa sauti ambayo mtaa mzima umeisikia.

Fundi Cherehani alikuwa anaanika nguo upande huo. Akaniuliza, "Shemeji, mlango umeharibika?"

Nikamjibu kwamba nafanya mazoezi. Akasema nimletee suruali jioni aishone, na kwa sasa nitembee mgongo ukutani.

Lakini matokeo! Nilichutama chini ya dirisha robo saa nzima nikisikiliza. Kimya. Hakuna kilio. Dirisha limeweza pale daktari aliposhindwa.

Jumatatu, 18 Mei

Siku ya nne ya dirisha. Kimya kila siku. Mchana nimefunga duka nije nikague ushindi wangu.

Fundi Cherehani nimemkuta kwenye kigoda, mbele ya mlango wetu, saa mkononi. Nikamuuliza ana shughuli gani hapo. Akajiwekea kidole mdomoni. "Polepole, shemeji. Tuko dakika ya thelathini na tano."

Yakatoka yote. Tangu Jumanne, siku moja baada ya ule ufunguo, mke wangu huamka mapema na kumtembeza Tulia hadi ulimi uning'inie, mimi nikiwa bado nakoroma. Nikishatoka tu, iwe mlangoni au dirishani, Fundi Cherehani huingia kwa mlango, humchukua mbwa kwake, akamlaza karibu na cherehani. Kila baada ya muda humrudisha kwetu, akampa mpira mgumu wenye tundu ulioshindiliwa viazi vya kuponda, akatoka, akakaa kwenye kigoda. Siku ya kwanza sekunde kumi. Kisha dakika. Leo thelathini na tano.

Nikamwambia, dada, si wewe uliyetushtaki? Akasema alikishtaki kilio, mbwa hana kesi naye. Marehemu mumewe alikuwa baharia. Mwenyewe anajua jinsi mtu anavyosikiliza mlango.

Nikasikiliza nami. Ndani, Tulia alikuwa analamba kitu taratibu, kama mtu aliye na siku nzima.

Furaha ikanishinda. Nikafungua mlango nikaita jina lake kwa sauti ya juu! Tulia akaruka, akazunguka chumba mara sita, akakojoa kwenye sponji. Nilipotoka akalia hadi nikafika barabarani.

Nasikia wameanza tena dakika ya tano. Fundi Cherehani hanisalimii. Kwa maoni yangu dirisha limesaidia sana, ila hawataki kulitaja.

Jumamosi, 23 Mei

Mtihani. Mama Mwenye Nyumba kaketi kwenye kigoda saa tatu kamili, mkoba mapajani. Kataka saa moja nzima. Mke wangu na Fundi Cherehani wakaenda sokoni bila hata kumtazama mbwa. Mimi niliambiwa niende dukani.

Nilikwenda hadi kona. Nikarudi kuchutama chini ya dirisha.

Dakika kumi, kimya. Ishirini, kimya. Thelathini, kimya cha kutisha. Nikafikiria ule mpira. Nikafikiria vipande vyake na koo la mbwa. Nikafikiria nyumba yenye mwangwi, na mke wangu akianua nguo kwa upole. Sijui ni lini nilianza kutoa sauti.

Mama Mwenye Nyumba akatoka nje na mkoba wake. Akasema amesikia mlio mrefu wa huzuni. Akaja hadi dirishani, akanikuta.

Tulitazamana.

Akarudi kwenye kigoda, akamaliza saa yake. Mke wangu aliporudi alimpa hukumu: mbwa abaki, ila mume aangaliwe.

Mke wangu akacheka hadi akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu siku ya harusi ya binti yetu. Tulia akatoka, akajinyoosha, akaninusa mkono, akarudi kulala.

Jumatatu, 25 Mei

Leo nimetoka kwa mlango. Nimevaa viatu mbele yake, nimetikisa funguo. Tulia kafungua jicho moja, kalifunga.

Nikangoja nje. Hakuna kitu. Nikarudi kana kwamba nimesahau lenzi. Hakuinua kichwa. Nikarudi tena kwa ajili ya kofia. Sina kofia. Mara ya tatu kanigeuzia mgongo!

Mimi niliyekula pilipili kwa macho yangu. Mimi niliyeacha suruali dirishani. Mbwa hana hata punje ya wasiwasi kama nitarudi au sitarudi. Hapa kuna kasoro, na daktari hawezi kuiona kwa sababu haishi naye.

Kesho naanza mpango mpya. Nitamkumbatia kwa dakika kumi kabla ya kutoka, nitamwachia shati langu, nitaimba kidogo, na kama chozi litapatikana nitalitoa. Sitaki makubwa. Akilia mara moja tu, nitakwenda kufungua duka kwa moyo mweupe.