Namna Nilivyolirefusha Joka

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Sijashika sindano hata mara moja.

Niandike mambo yalivyo, ili siku nikiwa mtu mkubwa watu wajue nilianzia wapi. Nafanya kazi kwa Shangazi, dada wa baba, mwenye karakana ya ushonaji. Vyerehani viko chumba cha mbele. Sisi tuko chumba cha nyuma, cha kumalizia: vifungo, pindo, kulabu, kila kinachotaka mkono wa mtu. Huku hakuna kelele, kwa hiyo tuna desturi yetu ya tangu zamani. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dirishani na kusoma kitabu kwa sauti, wengine wanashona, na kazi ya msomaji wanagawana. Msomaji ni mimi. Desturi nzuri ajabu!

Kitabu nilikipendekeza mwenyewe, kile kinene cha joka lililomeza alfajiri. Limeimeza na kubana mdomo, na nchi nzima iko gizani. Binti mfalme anatoka na taa kwenda kulitafuta, na mhunzi mmoja anamfuata akimbebea mafuta. Nakipenda kitabu hiki kuliko baadhi ya ndugu zangu. Nimewaambia wote nimekisoma mara nyingi hata nimeacha kuhesabu. Ni kweli, nusu ya kwanza. Nakala ya shuleni ilikuwa imechanwa.

Shangazi anakipenda kwa sababu zake. Marehemu mumewe alimsomea wakiwa wachumba, na akaendelea kumsomea walipooana. Ila kila wakifika binti mfalme anapovuka mto, marehemu anapitiwa na usingizi, kitabu kinamwangukia usoni. Wiki nyingine wanaanza upya. Miaka yote hiyo mama wa watu hajajua alfajiri ilirudi vipi! Kujisomea hakutaka, alisema hiyo ni kazi ya mumewe. Akisimulia hucheka, halafu hufuta macho.

Leo tumebishana: kama hakuna alfajiri, mtu anajuaje amechelewa kazini? Mama Pindo, ambaye anashona pindo na kuongea bila kupumzisha mkono wala mdomo, alisema mumewe angehamia nchi hiyo kesho. Rula, mkata vitambaa, alichungulia mlangoni akasema joka haliwezi kumeza kitu kisicho na vipimo. Rula ndivyo alivyo. Hatoki bila rula yake mfukoni, kama wengine wasivyotoka bila leso.

Tatizo moja tu. Kitabu kinakwisha. Kikiisha msomaji anabadilishwa, na zamu inayofuata ni ya Rula. Mimi nitarudi kwenye vifungo. Nikishona kifungo, nakishonea pamoja na kidole.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa!

Leo nilifika mwisho wa sura nikaendelea bila kufungua ukurasa. Macho kitabuni, kidole kinatambaa kwenye mstari, maneno yangu mwenyewe. Nikamleta mama mkwe wa joka. Amekuja pangoni kukaa kidogo. Anauliza mbona giza hivi, mbona mifupa haijafagiliwa, mbona binti yake amekonda. Na joka haliwezi kumjibu, maana likifungua mdomo tu alfajiri inatoka! Watu walicheka mpaka nyuzi zikakatika. Mama Pindo alisema mwandishi huyu lazima ameoa. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mchana nikaongeza jitu linalouza viatu vya mguu mmoja. Tukabishana nusu ya alasiri anayenunua kiatu kimoja ni nani. Shangazi akasema ni mtu aliyepoteza kimoja na hana moyo wa kutupa kilichobaki. Lile jitu nililitoa kichwani mwangu dakika ile ile, na tayari lina maana! Sijui waandishi hulalamikia nini. Kazi yenyewe rahisi.

Jioni Rula akaomba kuona kitabu. Akachomoa rula, akapima pale nilipoweka alama. Akasema tangu asubuhi hatujasogea hata unywele. Nikamweleza kuwa karatasi za siku hizi ni nyembamba mno. Akapima tena, akaondoka akitikisa kichwa.

Mtu anapima hadithi! Hebu fikiria.

Jumatano, 5 Machi

Shangazi hakuwepo, alikwenda kuonyesha macho yake. Yamemsumbua muda mrefu. Mimi nikawa bwana mkubwa.

Mama Pindo analalamika kila siku kuwa mhunzi anabeba mafuta kitabu kizima na hakuna anayemwambia ahsante. Sawa. Nikamwoza binti mfalme! Harusi kubwa, gizani, wageni wanacheza na wasiowajua, shangazi wa bwana harusi anampongeza ng'ombe. Mhunzi alimtambua bibi harusi kwa harufu ya mafuta ya taa. Hapo Mama Pindo alilia kwa kwikwi, mkono bado unashona. Hata Rula, aliyesimama mlangoni, nilimwona akijipangusa jicho kwa utepe wa kupimia. Alisema ni vumbi la kitambaa.

Mimi mwenyewe niliguswa. Nasema kweli. Kiapo nilikirudia mara mbili.

Kabla ya kuondoka nikaisogeza alama ya kitabu mbele, kama kidole kizima. Rula akaja, akapima, akageuza rula na kupima upya. Usoni alikuwa kama mtu aliyekuta mlango wake umehamishwa. Ushindi mtupu. Kwa mwendo huu joka hili litanifikisha mwaka mpya.

Alhamisi, 6 Machi

Yamenikuta.

Yalianza asubuhi. Bwana mmoja alikuja kujaribu suti yake ya harusi. Akaingiza mguu kwenye suruali, mguu ukashuka, ukafika chini, ukagoma kutoka. Akaingiza wa pili. Huo nao ukagoma. Akaruka ruka nyuma ya pazia, akatoka na pazia lenyewe, akaanguka na sanamu ya kuvalishia nguo, wote wawili chini, yeye amemkumbatia. Mama Pindo alikuwa ameshona upindo wa mbele na wa nyuma pamoja. Miguu yote miwili imefungwa kama magunia! Shangazi akamuuliza imekuwaje, yeye ambaye hajawahi kukosea tangu ajiriwe. Mama Pindo akasema tumsamehe, ile harusi ya jana ilikuwa tamu mno.

Shangazi akauliza harusi gani. Akaambiwa. Akasema vizuri, hakujua kama kuna harusi.

Halafu akatuita sote, na Rula pia. Akasema kesho anatolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. La kushoto halimsaidii tena, kwa hiyo atakaa gizani siku kadhaa mpaka bandeji itolewe. Haogopi daktari. Anaogopa kukaa gizani hana cha kutazama huko ndani. Akaomba jambo moja tu: leo tusome mpaka mwisho, ajue alfajiri ilirudi vipi, aende nayo hospitali.

Kurasa zilizobaki ni nyingi kwa siku moja, na zimebaki hivyo kwa sababu yangu.

Nikafungua penye alama. Nikasahau kwamba alama ni ile niliyoisogeza! Nikasoma mbio mbio, sura nisiyoijua, binti mfalme na mhunzi wako kwenye mlango wa pango. Mhunzi anakunja mkono wa shati. Taa inamulika alama begani. Binti mfalme anapiga kelele. Nami nikasoma kwa sauti kubwa na ya majonzi, kabla akili haijafika, kwamba huyu ndiye kaka yake aliyeibwa akiwa mchanga.

Mama Pindo akaweka sindano chini. Hilo sijawahi kuliona. Akauliza polepole kama nimesoma vizuri. Kwa sababu jana alilia, na suruali ya watu imeharibika, kumbe alikuwa akililia mtu na kaka yake?

Nikasema ile harusi ilikuwa ndoto. Ndoto ya nani, wakauliza. Nikasema ya joka. Rula akauliza ndoto hiyo iko ukurasa upi. Nikasema karatasi za siku hizi ni nyembamba. Akanyoosha mkono, akachukua kitabu, akakipekua kwa utulivu wa kuudhi. Harusi hakuna. Jitu la viatu hakuna. Mama mkwe hakuna, na joka lenyewe halina hata mke! Kila alilokosa alilitaja kwa sauti, kama anayehesabu mizigo iliyopotea.

Mama Pindo alinitukana kwa dakika nzima, na nusu ya maneno yalikuwa mapya kwangu. Hilo halikuniuma sana. Lililoniuma ni la Shangazi. Alinisogezea tu mkebe wa vifungo.

Rula akakaa kwenye kiti changu. Rula anasoma namba za kurasa. Anasoma maneno "sura ya kumi na tisa" kama anasoma kipimo cha kiuno. Akikuta neno refu anarudi nyuma alianze tena. Saa ya kufunga ilifika binti mfalme bado yuko mlangoni pa pango. Shangazi akavaa viatu, akatuaga kila mmoja, akatoka akishika ukuta.

Nimeshona vifungo kumi na vinne kwenye koti la vifungo sita. Sikuweza kuona vizuri. Vumbi la kitambaa.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango. Mpango mzuri kuliko yote! Asubuhi nilifungua mtoto wa meza wa Rula nikaiba kitabu, nikakimbia hospitali.

Sitaficha, nilikifikiria na kiti cha dirishani. Lakini nilimfikiria Shangazi kwanza. Karibu kwanza.

Nilimkuta kwenye benchi refu, katikati ya watu wenye vijikaratasi vya namba, mkoba magotini. Alipojua ni mimi aliuliza nimekuja na joka langu au la mwandishi. Nikaapa la mwandishi. Akasema haya, soma, wakiniita usiache katikati ya sentensi.

Nikasoma. Sauti zote: binti mfalme, mhunzi, taa inavyolia ikikaribia kuisha mafuta. Watu wa benchi wakaanza kusogea. Mzee mmoja aliambiwa namba yake imeitwa, akasema wamwite wa nyuma yake. Muuguzi alitoka kuja kuninyamazisha, akasimama, mwisho akakaa. Na sikuongeza kitu! Hata nukta. Niliongeza kikohozi kimoja cha mfalme, lakini yule mfalme alikuwa mgonjwa kweli.

Mwisho wenyewe sikuujua, kwa hiyo niliusikia pamoja nao. Mafuta yamekwisha. Binti mfalme hana upanga, hana mwanga. Anakaa chini gizani karibu na joka na kuanza kulihadithia hadithi, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini, bila kuchoka. Joka linasikiliza. Kichwa kinakuwa kizito. Halitaki, linajikaza, linajikaza tena, halafu linapiga mwayo mkubwa, na alfajiri inatoka mdomoni mwake.

Shangazi alicheka. Alicheka mpaka muuguzi akamshika bega, kwamba presha itapanda na daktari atakataa. Akasema kumbe marehemu alikuwa anaigiza sehemu ya joka miaka yote hiyo! Machozi yanamtoka na yeye anacheka. Nikalia na mimi, sioni haya kuandika. Yule mzee wa benchi akauliza kama wanaweza kusomewa tena kuanzia mwanzo.

Walipomwita aliingia bila kushika ukuta. Akanikabidhi mkoba, akasema nisiufungue.

Nilirudi karakana mchana. Rula alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani mikono mitupu, wote wanamtazama. Nikamwekea kitabu mapajani. Alisema nitalipa kwa vifungo. Nimelipa mpaka jioni.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi amerudi! Miwani myeusi, jicho linaona. Cha kwanza kukiona ilikuwa koti la vifungo kumi na vinne. Amesema bora angebaki na bandeji.

Halafu akaitisha kikao. Zamu ni ya Rula, hilo linajulikana. Lakini Rula mwenyewe akasimama, akasema koo lake si la kazi hii na vitambaa vimerundikana. Mama Pindo akasema ahsante kwa sauti ya juu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akasema, akiangalia pembeni, kwamba mimi ni mwongo mkubwa ila angalau joka langu lilikuwa na watu wa nyumbani.

Shangazi akanirudishia kiti. Kwa sharti moja: nisome kilichoandikwa, kama kilivyoandikwa, na Rula atapima kila jioni. Nikaapa mbele ya wote. Nikaapa kwa moyo mweupe kabisa, machozi yakinilengalenga. Nimejifunza. Maneno ya mwandishi ni ya mwandishi, na wanaosikiliza wanastahili ukweli. Nilisema hivyo hivyo, na watu wakapiga makofi.

Shangazi akatoa kitabu kipya, bado kina harufu ya duka. Ni chembamba mno! Nikakigeuza, nikakipima kwa jicho. Wiki tatu, labda na siku mbili.

Nikakaa. Jua la dirishani likanipiga mgongoni vizuri. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasafisha koo. Paliandikwa kwamba mfalme alikuwa na wana watatu.

Nikasoma wanne. Huyo wa nne nitamtafutia kazi kesho.