Malalamiko Dhidi ya Spika Iliyokalia Kiti Changu

Bari, Italia
Tarehe 3 Julai 2025, ikiwa ni miaka thelathini na minne na miezi minne tangu niondoke Bregas

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Sikukuu,
Kijiji cha Bregas, juu ya mto Vjosa,
Albania

Mheshimiwa Mwenyekiti, na mpwa wangu Arqile,

Nakuandikia kwa cheo chako kwanza na kwa udugu baadaye, usije ukaikunja barua hii mfukoni ukasema ni maneno ya mjomba tu. Haya ni malalamiko rasmi. Nimeyapa namba.

Nimetazama video tatu za mazoezi ya kikundi chetu, alizonitumia Olimbi, mke wa Kozma. Nimemwona Kozma mahali pake pa kuanzisha wimbo, mkono sikioni kama kawaida. Nimewaona wazee wawili waliobaki wa kushika iso, ile sauti ya chini isiyokatika ambayo wimbo wetu huikalia kama nyumba inavyoukalia msingi. Wawili hawatoshi, najua. Na kwenye kiti changu, kile chenye mguu uliofungwa waya, nimeona spika ya bluetooth, nyeusi, ukubwa wa chupa ya raki, ile pombe yetu kali, iliyolazwa. Nimekusikia ukiwaeleza wazee: "Bonyezeni kitufe hiki cha kupunguza sauti na hiki cha kuunganishia simu, vyote pamoja, mhesabu hadi tano. Humu kuna besi ya siri, hata kwenye karatasi ya maelezo hawakuiandika." Kisha Kozma, rafiki yangu wa miaka sabini, akanisema mimi: "Afadhali. Llambro alikuwa anakohoa katikati ya wimbo. Hii haikohoi."

Hoja zangu ni hizi.

1. Spika haivuti pumzi. Iso yetu, Mheshimiwa, hushikwa kwa kuibiana: mmoja akivuta pumzi wengine wanamfichia, na msikilizaji hajui kitu. Lakini mwimbaji anajua. Anasikia chini yake pamelegea kidogo, naye anapata nafasi ya kumeza mate. Spika hailegei. Katika video ya kwanza Kozma, mtu wa miaka sabini na sita, alikuwa akingoja ilegee ili apumzike. Akangoja, akaimba, akangoja, mpaka uso ukawa rangi ya bilinganya. Olimbi alimmwagia maji kichwani na kumwambia, "Imba, mzee, imba! Si umeamua kushindana na betri?"

2. Spika inatembea. Katika video ya pili mmeihamishia mezani. Besi ilipofunguliwa, zile ngozi zake mbili za pembeni zikawa zinaruka kama koo la chura, na mtetemo ukaisukuma mbele. Ikapita chumvi, ikapita jibini, ikasita kidogo mbele ya bilauri ya Kozma, nadhani kwa heshima, halafu ikatumbukia kwenye bakuli la mtindi. Mimi nimeshika iso Bregas kwa miaka ishirini na miwili bila kuhama mahali pangu. Kuhusu harusi yako na lile bakuli la supu sina la kusema. Nilisukumwa.

3. Inaamsha visivyohusika. Mitungi ya Olimbi ya kokwa mbichi za jozi zilizopikwa kwa sukari ilianza kulia rafuni. Meno ya bandia ya Kozma yakajiunga na iso bila kualikwa, tena kwa noti nyingine. Sipingi kikundi kupata wanachama wapya, lakini wapitie kamati.

4. Kilichofichwa kimefichwa kwa sababu. Nimemuuliza fundi mmoja hapa Bari. Anasema hali ile huzima sauti za juu na kuisukuma besi peke yake kwa nguvu zote. Ukiongeza sauti, ngozi hupasuka. Chaji ya siku nzima huisha kabla ya chakula cha mchana, na dukani wakigundua ulichofanya hawakubadilishii. Umeona mwenyewe katika video ya tatu: katikati ya wimbo wa msiba, mwanamke fulani alisema kutoka ndani ya spika, kwa lugha ya kigeni, kwamba nguvu zinamwishia, kisha kimya. Kozma akavua kofia. "Masikini," akasema, "alikuwa wa ukoo gani?"

5. Leo kiti, kesho je? Bregas mmebaki watu kumi na tisa, ishirini mkiihesabu spika, nami nasikia mmeanza kuihesabu. Mwaka huu mmeipa kiti. Mwakani mtaipa kura, na kwa kuwa ndiyo peke yake kijijini isiyoumwa goti, itachaguliwa kuwa mwenyekiti, nawe utaibebea waya wake. Halafu itafanya kile ambacho kila mwenye sauti nzuri wa Bregas amekifanya: itahamia Italia. Nitaikuta hapa kituo cha basi ikiniuliza wapi wanaajiri.

Kwa hiyo naomba rasmi besi ya siri ifungwe, spika irudi kabatini, na kiti changu kiachwe wazi. Umeniambia kwenye simu, "Mjomba, bila mtu wa tatu iso haisimami, na tarehe 15 Agosti itapita bila wimbo." Nimekuelewa. Sikukuu hiyo haijawahi kupita kimya, hata miaka ile serikali ilipopiga marufuku dini, tukaimbia ndani ya zizi. Lakini mtu wa tatu mnaye. Amekwenda mbali kidogo tu.

Msalimie Olimbi, ambaye sasa ndiye macho yangu. Msalimie Kozma, ila usimwambie kwamba nimeulizia afya yake. Lisalimie daraja, na mbwa wa yeyote aliye hai. Na wale waliolala makaburini, upande wa juu wa kanisa, uwasalimie pia, maana huko ndiko kikundi kilikokamilika.

Wako katika nidhamu ya wimbo,

Llambro Ziko
Mshika iso wa tatu

Nyongeza: Yule fundi wa hoja ya nne sikumwendea kwa udadisi. Nilimpelekea spika yangu, pacha wa hiyo yenu, niliyoinunua Mei baada ya video ya kwanza. Ngozi yake ya kushoto niliipasua mimi, siku ya nne. Sasa nina ya pili. Nilikuwa nikishika iso nayo jikoni, na ndipo nilipojua kwamba pumzi yangu ni sekunde kumi na moja. Zamani ilikuwa arobaini. Daktari ametazama picha ya kifua changu akasema ndege hapana, meli hapana, na milima ya kwetu ndiyo hapana kabisa.

Binti yangu Marjeta amenirekodi kwa siku tisa, pumzi moja moja, na kuzilaza moja juu ya nyingine, hivi kwamba mimi wa Jumanne nikivuta pumzi, mimi wa Jumatano ndiye anayenifichia. Ni dakika kumi na mbili, ameshakutumia kwenye simu. Ukiifungua hivihivi utasikia mbu tu, sauti yangu iko chini mno. Bonyeza vile vitufe viwili, uhesabu hadi tano. Usipite nusu ya sauti. Ijaze spika chaji asubuhi hiyohiyo. Iweke kwenye kiti, si mezani, juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Nimeacha mahali pa kulegea ili Kozma ameze mate. Katika dakika ya saba nimekohoa. Marjeta alitaka kukifuta kikohozi, nikamkataza. Kozma ajue ni nani.

Kiti ni cha spika. Mimi sitarudi.