Ombi la Kurudishiwa Shimo Letu

Ndugu Meneja wa Mazingira,
Mgodi wa Makaa ya Mawe.

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u buheri wa afya, tofauti na mimi niliyeiandika. Mimi ni fundi cherehani, nakaa nyumba ya mwisho kabla ya mgodi wenu. Nasema mgodi kwa mazoea tu, maana siku hizi ukisimama kibarazani kwangu huoni mgodi, unaona majani mabichi mpaka ng'ambo. Na ng'ambo, Ndugu Meneja, ndiko anakokaa mama mkwe wangu.

Najua utasema asante ya punda ni mateke. La hasha! Kazi yenu ni nzuri. Mmefukia shimo, mmerudisha udongo wa juu, mmepanda nyasi na miche. Kosa ni kwamba hamkuniuliza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani mama mkwe akitaka kuja kwetu alipanda basi, akalizunguka shimo lenu nusu siku nzima. Alikuja kwa nadra, tena kwa taarifa, nami nikapata muda wa kupaka ukuta rangi na kujizoeza kutabasamu. Sasa anakatiza kwenye nyasi zenu, viatu mkononi, na chai yangu ya asubuhi haijapoa amekwishakaa kwenye kiti cha wateja, mjukuu wake mchanga mapajani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nani atampa mama mkwe jembe? Mimi? Thubutu!

2. Vumbi. Enzi za vumbi la makaa, mteja akikuta doa kwenye suruali yake tuliwalaani ninyi kwa pamoja, tukaagana vizuri. Leo hewa ni safi. Doa likionekana, mama mkwe analinusa, kisha anamtangazia mteja kuwa ni mchuzi, na ni wa jana.

3. Baruti. Kila adhuhuri king'ora kililia, mkalipua, nyumba ikatikisika, na kila aliyekuwa katikati ya maneno aliyasahau. Ndoa yangu ilijengwa juu ya baruti zile. Siku hizi mmetuletea ndege. Ndege hawawezi kumnyamazisha mama mkwe. Wananyamaza wao ili wamsikilize.

4. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Miche yenu imekua haraka mno. Mama mkwe anaipita kila siku, na akifika anamweleza binti yake, yaani mke wangu, huku akinitazama mimi, kwamba jangwa la makaa limeota msitu, ila jiko nililoahidi tangu harusi bado ni nguzo nne. Sasa mke wangu naye ameanza kwenda kuiangalia hiyo miche. Jamani! Mwanamume mzima kushindanishwa na mti!

5. Kabla ya kufukia, maofisa wenu walipita nyumba hadi nyumba na maswali yao. Waliuliza habari za vyura. Waliuliza habari za popo. Hakuna aliyeuliza ng'ambo anakaa nani, na ni mama wa nani. Kama kulinda mazingira ni kulinda viumbe walio hatarini kutoweka, basi njoo unitazame.

Kwa hiyo naomba mchimbe tena. Sisemi mchimbe makaa. Makaa yaacheni huko chini yapumzike. Chimbeni tu. Shimo jembamba linatosha, ila lienee kutoka barabarani hadi mtoni, maana mama mkwe hachoki kuzunguka. Kama bajeti hairuhusu, rudisheni basi king'ora peke yake, nami nitakuwa nakibonyeza mwenyewe.

Nisalimie wahandisi, madereva wa maboza ya maji, kina mama wa kitalu cha miche, na vyura wote.

Wako katika dhiki,
Fundi Pindo (ndivyo wanavyoniita)

Baada ya sahihi: Barua hii ilikuwa ikingoja stempu mvua ilipoanza. Imenyesha mfululizo, udongo wenu mpya umemegeka, na sasa kuna korongo lenye maji palepale alipokuwa akipita mama mkwe. Hajaja. Siku ya kwanza nilishangilia hadi jioni. Kisha mtoto akaanza kulia, kumbe hakuna anayejua kumlaza isipokuwa bibi yake. Mke wangu naye analia, na kile kiti cha wateja nimekishonea mto bila kuombwa na mtu. Nimemkumbuka, Ndugu Meneja, nisikufiche. Yote niliyoandika hapo juu yafute. Leteni mawe, leteni nyasi, pandeni hata miti inayonishinda urefu. Sisi tumeshaanza kufukia: mimi na koleo langu upande huu, na yeye ng'ambo na jembe ambalo hakupewa na mtu, akinipigia kelele juu ya maji kwamba koleo nimelishika vibaya. Nimebadilisha mkono. Ni kweli, nilikuwa nimelishika vibaya.