Siku Sindano Alipompigia Dereva Simu

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mwenye cherehani aondoe mguu kwenye pedeli, maana habari inayosimuliwa hapa ni nzito. Si ya mfalme aliyebomoa ngome, wala ya jemadari aliyevuka mto kwa mikuki elfu. Ni ya mwanamwali mmoja, fundi wa kushona sare, aliyepiga simu.

Simu moja. Mchana kweupe.

Mafundi wenzake walimwita Sindano, kwa kuwa alikuwa mwembamba, alipita katikati ya watu bila kusikika, na kichwa chake kiliinamia kitambaa toka asubuhi hadi jioni. Kusema na mtu asiyemjua kwake ilikuwa vita. Sokoni alilipia nyanya zilizooza, akazibeba, akala, kwa kuona haya tu.

Mchana ule, saa ya mapumziko, kiliitishwa kikao cha vita juu ya meza ya kukatia. Ramani ilitandazwa, pasi ikaikalia upande huu, mkasi upande ule. Mbele ya Sindano alikaa Shangazi yake, simba jike wa ukoo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa na goti la kushoto linalotabiri mvua. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameapa kuitembea kwa miguu ile njia ndefu ya mgongo wa milima, mwanzo hadi mwisho. Na mwezi uliopita daktari alimpapasa goti, akamwambia, "Mama, kama unakwenda, nenda sasa. Mwakani usiniulize."

Naye bosi, mshika funguo za mlango na za riziki, alikwishatamka: ruhusa siku nane, Jumamosi hadi Jumamosi. Jumatatu Sindano asipoonekana, cherehani yake itapata mwingine.

Ndipo Sindano alipouchukua uzi mwekundu, akaulaza juu ya njia, akaufuatisha kila kona kwa pini, akaukata, akaunyoosha juu ya tepu ya kupimia. Uzi ukasema: siku tano za kutembea.

"Siku tano!" alinguruma Shangazi. "Jumamosi tunapanda basi, Jumapili tunaingia njiani, Alhamisi tunatokea darajani, mwisho wa njia, tukiimba! Nani wa kutuzuia? Mlima? Mlima umekaa kitako tangu uumbwe, sisi ndio tunaotembea!"

"Na goti, Shangazi?"

"Goti halijaitwa kwenye kikao hiki."

Lakini fundi hakati nguo bila kuacha akiba ya mshono. Sindano akaongeza uzi wa siku moja. Ijumaa jioni, basi, ndipo watakapotokea darajani.

Hapo mipango yao ikagonga lango la chuma. Pale darajani lilipita basi moja tu la kuwarudisha nyumbani, mara moja kwa wiki, na siku yenyewe hakuna aliyeijua kwa hakika. Shangazi alikumbuka Alhamisi. Kama ni Alhamisi, Ijumaa yao ni ya kulala njaa kando ya mto, na Jumatatu imekwenda na maji.

"Mpigie dereva, Shangazi. Namba unayo."

"Hanipokei. Akisikia sauti yangu anakata."

"Kwa nini?"

"Mambo ya kale. Piga wewe, mwanangu."

Sindano alikunywa maji. Alifuta viganja kwenye aproni. Akachukua kipande cha kitambaa, akachora kwa chaki mikuki yake mitatu: *siku gani, saa ngapi, utasimama?* Shangazi akaapishwa kunyamaza, akauma ncha ya mtandio wake kama farasi aliyetiwa lijamu. Mafundi wa jirani wakaacha kula, mmoja baada ya mwingine.

Shambulio la kwanza: simu iliita, Sindano akakata. La pili: ilisikika "Halo?", akakata tena. Kisha simu ikaanza kuita yenyewe mkononi mwake, majeshi yote yakarudi nyuma, naye akaipokea kwa spika.

"Nani ananibipu mchana huu?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi... abiria."

"Abiria wa lini?"

"Wa baadaye. Baba, basi lako linarudi huku siku gani?"

"Napanda Alhamisi, nashuka Jumamosi."

Ee siku tukufu! Alhamisi ya Shangazi ilikuwa ya kupanda! Sindano akaushika mkuki wa pili. "Na darajani unapita saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Utasimama, baba?"



"Darajani sisimami, binti. Nilisimama mara moja, nikampakia mama mmoja na sanduku la bati. Sanduku likaanguka toka kwenye keria ya paani, naye akaniita dereva wa punda mbele ya abiria wote. Makonda wananiita Punda mpaka leo!"

Mtandio ukatoka mdomoni. "Sikusema punda! Nilisema mkokoteni!"

"Binti," ilisema simu polepole, "yuko hapo?"

Kidole cha Sindano kilienda kwenye kitufe chekundu. Kilifika. Macho yake yakatua kwenye uzi, kisha kwenye goti lililofungwa bendeji chini ya meza. Kidole kikarudi.

"Yupo, baba. Ni shangazi yangu. Goti lake linaisha. Anataka kuitembea njia hii kabla halijaisha, na mimi nataka kumpeleka. Basi lingine hatuna."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake.

"Aombe radhi."

"Mimi?" alifoka Shangazi. "Na sanduku langu lililo—"

"Shangazi," alisema Sindano, bila kupaza sauti. "Omba radhi."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyeng'atwa na mto wa kulalia. Akainuka, goti likalia, akaisogelea simu. "Dereva, nakuomba radhi. Mkokoteni hukuwa wewe. Lilikuwa gari."

Simu ikacheka mpaka ikakohoa. "Hilo kweli! Lile nililiuza. Haya: Jumamosi, saa mbili. Napiga honi mara mbili, ya tatu hakuna. Na sanduku libaki nyumbani!"

Mafundi wakagonga mikasi mezani kama ngao. Sindano akafunga fundo mwishoni mwa uzi, pale penye Jumamosi, akautundika kwenye msumari juu ya cherehani yake, wauone wote watakaozaliwa.

Tena na iandikwe kwamba jioni ile ile, akirudi nyumbani, alisimama mbele ya fungu la nyanya, akaigeuza moja, akasema mbele ya mashahidi, "Hii imeoza, mama. Nibadilishie."

Akabadilishiwa.