Nilivyompangia Everlyn Safari ya Kumasi

Jumapili, 3 Novemba 2019

Katika Waafrika wote walioko Dubai, hakuna anayeijua Ghana kama mimi. Na sijawahi kufika. Mwingine angelazimika kwenda kwanza.

Everlyn amekubali. Ni dada wa mapokezi katika saluni iliyo chini ya jengo ninalolinda hapa Discovery Gardens. Mkenya mwenzangu, wa Vihiga, macho ya kukupima kilo. Tangu aone kwenye simu ile sikukuu ya Waashanti kule Kumasi, mfalme chini ya miavuli mikubwa, dhahabu hadi vidoleni, haongei kingine. Nikamwambia, mwachie Boaz. Ratiba nimeipika mwenyewe: tarehe kumi na tatu tunatua Accra, kumi na nne tunaona ngome ya watumwa Cape Coast kisha basi la Kumasi, tarehe kumi na tano sikukuu, kumi na sita ndege. Tiketi tumekata. Ngoma zikipamba moto, natoa pete. Nani atanikataa mbele ya mfalme?

Sowedi, Mganda anayeendesha gari la wasichana wa saluni, aliniuliza mbele ya watu kama Ghana nilifika kwa miguu au kwa mdomo. Wivu. Kila asubuhi humwekea Everlyn kiti cha mbele.

Jumanne, 5 Novemba

Mambo yameharibika.

Kwabena, mlinzi wa geti la pili, ni mtoto wa Kumasi kabisa. Nilimuuliza tu mtu huvaa nini sikukuu ikifika, hiyo kumi na tano. Akaweka chini chai yake ya karak. Akasema kumi na tano ni Ijumaa, na mfalme wao hutoka Jumapili. Kila baada ya wiki sita, Jumapili, tangu mababu.

Jioni kambini Muhaisnah, tunakolala, nikamburuta hadi kwenye kalenda yetu ya ukutani, ile ya duka la mizigo. Nikamwonyesha safu nyekundu. Kwetu Bungoma nyekundu ni Jumapili, ndivyo nilivyozaliwa nikaikuta. Akasema hii ni kalenda ya hapa, kaka, nyekundu ni Ijumaa. Na ni kweli. Na kanisani sisi huenda Ijumaa, mwaka wa tatu huu. Nani angekumbuka kwamba mahali pengine Mungu ana siku nyingine?

Kwabena alicheka mpaka Gerishom wa kitanda cha juu akaamka na kuuliza nani amekufa.

Everlyn hajui. Nirekebishe kwanza.

Jumatano, 6 Novemba

Nilimwendea Linus, msimamizi wetu, kuomba siku mbili zaidi. Akasema likizo imesainiwa, Jumapili asubuhi anataka kuuona uso wangu getini, khalas. Nikamwambia bibi yangu ni mgonjwa sana. Akasema huyo tulimchangia mazishi mwezi wa sita. Nikasema huyu ni wa upande wa mama. Akasema hata yule alikuwa wa upande wa mama.

Mpango wa pili: nikamwomba Kwabena awapigie ndugu zake wapige ngoma kidogo Ijumaa. Mtu mmoja avae kitenge kizuri, akae kwenye kiti. Mwavuli hata wa ufukweni. Kwabena hakucheka safari hii. Alinitazama kama niliyemtukania mama. Akasema mambo ya kiti cha mababu hayachezewi kwa sababu mlinzi wa Dubai amekosea tiketi. Baadaye moyo ukamlegea, akanipa namba ya Yaw, mpwa wake, atupokee. Akasema nibadilishe siku, au nimwambie dada wa watu ukweli.

Nitafikiria.

Ijumaa, 8 Novemba

Nje ya kanisa. Everlyn amenijia kwa furaha. Madam wake amesema akitaka anaweza kukaa Ghana hadi Jumanne, Dorah atashika kaunta yake. Ila aseme kabla ya kesho jioni, maana Dorah naye ana mipango. Akaniuliza, Boaz, niongeze siku, ama ratiba yako inatosha?

Hapo ndipo nilipoiona picha nzima. Yeye Kumasi kwenye ngoma. Mimi Discovery Gardens, nawafungulia watu geti. Pete mfukoni.

Nikasema inatosha, tena itabaki. Akauliza una hakika? Nikacheka kile kicheko changu cha mtu aliyetembea dunia.



Jumapili, 10 Novemba

Kicheko cha Kwabena kina miguu. Sowedi amesimamisha gari getini, akashusha kioo polepole, akasema amesikia mfalme wa Kumasi amehamishia sikukuu Ijumaa kwa heshima yangu. Nikajifanya nasoma namba za magari. Akasema, Bwana Boaz, nakupa hadi Jumanne umwambie mwenyewe. La sivyo namwambia mimi.

Nimehesabu njia za kumnyamazisha. Zote zinahitaji awe rafiki yangu.

Jumanne, 12 Novemba

Siku nzima nimechungulia mlango wa saluni. Saa kumi Sowedi akaingia. Nikamwona kupitia kioo, mikono inaeleza. Everlyn ameshika kiuno. Basi, nikasema, pete nitairudisha dukani Deira.

Akatoka, akavuka moja kwa moja hadi kwangu. Akasema Sowedi amemletea hadithi ya ajabu kuhusu Ijumaa na Jumapili, na amemjibu kwamba wivu haumpendezi mwanamume. Kisha akaniuliza kama achukue sweta.

Nikasema, chukua. Ghana najua baridi yake.

Ijumaa, 15 Novemba, Kumasi

Joto kama jikoni. Sweta kiunoni.

Yaw alitupeleka ikulu ya mfalme. Kimya. Tausi kadhaa, watalii wawili, mzee anafagia. Nilimsalimu mzee kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa na simu, akageuza uso. Everlyn akamwomba radhi kwa niaba yangu. Kisha akauliza ngoma zinaanza saa ngapi.

Yaw, kijana mstaarabu, hana hila hata moja, akasema, lakini dada, ni keshokutwa. Mjomba Kwabena alimweleza Boaz wiki iliyopita. Yeye alidhani tumeongeza siku.

Everlyn hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alitoka uani, akampigia Madam. Madam akasema pole, Dorah ameshaondoka, Jumapili kaunta haina mtu. Akarudi, akaketi kwenye ukuta, akatazama uwanja mtupu ambamo viti vingepangwa Jumapili.

Pete ilikuwa mfukoni. Hata mimi nina aibu yangu.

Jumanne, 19 Novemba

Tumerudi. Ndegeni aliomba kubadilishiwa kiti. Jumapili Yaw alinitumia video: miavuli, dhahabu, ngoma. Nilimpelekea Everlyn. Hakuifungua. Leo kakaa kiti cha mbele cha gari la Sowedi, na dirisha limefungwa.

Lakini mtu haanguki akabaki chini. Nimeanza Benin. Januari kuna sikukuu kubwa Ouidah, mambo ya mizimu, Everlyn atapenda tu. Gerishom naye anataka kuja. Ameniuliza leo kama Mkenya anahitaji viza ya Benin. Nikamwambia, ndugu yangu, kwa Benin hiyo ninayoijua mimi? Panda ndege tu.

Sijui kama inahitajika. Nitaangalia.

Watu kambini wanasema kalenda ndiyo iliniponza. Wengine wanasema Sowedi. Kalenda ilikuwa sawa kabisa, na Sowedi, nikiandika hapa ambapo hakuna anayesoma, alisema kweli. Kilichoharibika ni kimoja. Pale nje ya kanisa Everlyn aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa najua.