Honi Mbele ya Mahakama

Alhamisi, 2 Mei 2002

Asiya amepita mbele ya gereji asubuhi, anampelekea baba yake chakula gerezani. Hakugeuka. Nilikuwa chini ya Toyota, labda hakuniona. Lakini miguu ilikuwa nje! Miguu yangu anaijua.

Ninamkumbuka mtu anayekaa mtaa wa pili tu. Ninamkumbuka hadi chakula hakipiti.

Baba yake, Mzee Hamadi, yuko ndani tangu mwaka juzi. Alikamatwa Gatumba, karibu na mpaka, na lori lake, kwa magunia ya viatu vya mvua. Wanajeshi walisema viatu ni vya waasi. Mzee akasema yeye ni dereva tu, mwenye mali ni mfanyabiashara. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa. Na Mzee ameapa haozeshi binti yake akiwa gerezani, wala hampi mtu mwingine uwakili. Atakaa mwenyewe kwenye mkeka, nyumbani kwake hapa Buyenzi, ampe mkono bwana harusi. Bwana harusi ni mimi, Massoudi. Mkono umechoka kungoja.

Jumamosi, 4 Mei

Nimepata! Tutaandamana. Kesi inarudi mahakamani Alhamisi ijayo. Nitaleta madereva wote wa teksi ninaowatengenezea magari, tupige honi mbele ya mahakama mpaka Mzee asikilizwe. Kuandamana ni haki yetu, hata redio imesema. Madereva wamekubali haraka. Wengi hawakuuliza ni kwa ajili ya nini.

Rachid muuza vitambaa amekuja kuniharibia furaha. Huyu naye alimtaka Asiya, anajifanya amesahau. Amesema polepole, kama anavyosema kila kitu, kwamba amempata Uvira yule mfanyabiashara mwenye viatu, anaitwa Sébastien, na amekubali kuvuka mpaka aje kutoa ushahidi. Ni mtu mwoga sana, akasema, tafadhali nisifanye kelele. Nikamwambia aende akapime vitambaa vyake.

Mwoga amemtafuta mwoga mwenzake!

Jumanne, 7 Mei

Nimemweleza Asiya mpango wangu, mlangoni kwao, shangazi yake Yasmina akiwa katikati yetu kama kizuizi cha jeshi. Asiya akasema anataka baba yake arudi tu. Nimechukua hiyo kuwa ruhusa.

Jana risasi zililia tena milimani. Kila zikilia nawaza kama yeye ameogopa, na mimi niko huku. Ningekuwa mume wake ningemwambia ni mbali, lala. Hilo tu ndilo ninalolitaka duniani.

Alhamisi, 9 Mei

Tulijaza barabara. Honi zote nilizikagua mwenyewe, hakuna iliyokwama. Tatizo la kwanza: katika mji huu, msafara wa teksi na honi ni harusi. Wanawake wakapiga vigelegele, wakauliza bibi harusi yuko gari gani. Moyo uliniuma.

Hakimu, Mama Geneviève, akatoka barazani. Nikawapigia kelele madereva: ametoka, tumeshinda, ongezeni! Kumbe alikuwa anatuomba tupunguze. Askari walitaka kutufukuza, akawakataza. Akaja mpaka dirishani kwangu.

“Simameni hapa barabarani, ni haki yenu, mi siwafukuze,” akasema. “Lakini musogee kidogo, mulango upitike, na munyamaze wakati nasikiliza. Ndani sisikie hata mutu akitaja jina yake.”

Nikasema ndiyo, Mama. Lakini nitasogea vipi, Rachid ananitazama kutoka kona? Tukapiga kidogo tu zaidi.

Pale kona Rachid alikuwa na Sébastien. Mtu wa watu aliuona umati, akadhani tumekuja kumpiga kwa ajili ya viatu vyake. Akakimbia, akarukia basi la Gatumba. Rachid akalifukuza mpaka kandambili zikakatika. Bila shahidi, kesi imeahirishwa. Mpaka mwezi wa tisa!

Ijumaa, 10 Mei

Asiya amekuja gereji. Peke yake, bila shangazi! Nilifurahi kabla sijamwona uso.

“Baba alivaa kanzu nyeupe, alijua anarudi nyumbani,” akasema. “Mi nilikuwa nimetandika mukeka. We ulitaka baba asikilizwe, Massoudi, halafu ukapiga honi mpaka hakuna mutu alisikia kitu.”

Akaondoka. Fundi mwenzangu aliniuliza macho yana nini, nikasema ni moshi. Hakukuwa na injini iliyokuwa inawaka.

Rachid amekwenda tena Uvira kumbembeleza yule mtu wake. Ana muda wa kupoteza.

Jumapili, 12 Mei

Nimefikiri siku nzima, nimeelewa kosa langu. Ni kelele. Mama Geneviève alisema wazi anataka kimya, na mimi namheshimu hakimu.

Kwa hiyo mwezi wa tisa hakuna honi hata moja. Madereva watang'oa nyaya kabisa. Tutafika alfajiri, tupange teksi bampa kwa bampa mbele ya lango la mahakama, tuzime injini, tukae kimya kama tuko msikitini. Hapiti mtu! Haingii mtu, hatoki mtu, wala hata gari la gereza halipiti, mpaka Mzee Hamadi afikishwe mbele ya hakimu.

Asiya sijamwambia. Nataka ashangae mwenyewe.